Kichwa cha Mwenze Chapelekwa Shule

Benchi la Mama Germaine, muuza kahawa, lilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, kwenye pembe ya barabara mbili za mtaa uitwao Kenya, pale ambapo vumbi jekundu la Élisabethville na moshi wa kiwanda cha shaba vilikuwa vikikutana bila kusalimiana. Ilikuwa Jumapili ya mwaka 1954, misa imetoka, makaa yamekolea, kahawa inachemka. Watu watatu wa siku zote walikuwa wameshakaa. Stanislas, tarishi wa ofisi moja ya Wazungu, aliitwa Direkta kwa sababu koti alilovaa liliachwa na direkta aliyerudi Ulaya. Mutale aliitwa Ngumi Moja, maana alipanda ulingoni mara moja akapigwa moja. Godefroid alikuwa akiosha chupa katika zahanati, basi yeye alikuwa Dokta. Wa nne akaja amechelewa, shati halijapigwa pasi. Huyo ni Mwenze, mfunga breki wa treni, ambaye benchi zima lilimwita Mawingu, na sababu utaiona sasa hivi.

— Albertine ameenda, akasema.

— Ameenda wapi? Mutale akauliza.

— Kipushi, kwa dada yake Régine. Leo siku ya nane.

— Siku nane, na hautuambie?

— Nilikuwa nangojea habari ya gari kuanguka mu njia. Haikukuya.

Mama Germaine akamtilia kahawa bila kuulizwa, na Mwenze akaeleza yote. Binti yao Annie alikuwa amekubaliwa katika shule ya ushonaji ya masista. Alikuja mbio na barua, mama yake akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Mwenze akaisoma barua taratibu, akaikunja, akasema, "Ni muzuri, lakini sindano inatoboaka macho." Wiki mbili kabla ya hapo, kwenye harusi ya mpwa wa Albertine, alikuwa amesifu suti ya bwana harusi, akaongeza kwamba inafanana sana na ile waliyomzikia marehemu Kalaba. Hii ya sindano ilikuwa ya mwisho. Albertine alikunja vitenge vyake, akamshika Annie mkono, na mlangoni akasema, "Nitarudi siku kichwa yako itajua kuona kitu kizuri bila kukitafutia kaburi."

— Na weye ulijibu nini? Dokta akauliza.

— Nilimwambia aangalie ngazi, mutu anaweza kuteleza.

Hakusema lililokuwa likimuuma zaidi. Nyumbani hakukuwa tena na mtu ambaye yeye angemwonya. Chungu kikichemka hadi kumwagika, anajionya mwenyewe, na onyo la namna hiyo halina ladha.

Direkta akajikung'uta koti.

— Sikia, Mawingu. Kichwa ni bureau, ofisi kamili. Ku kazi yangu, barua mubaya ikifika, mukubwa haisome. Anapiga muhuri: refusé, imekataliwa. Na weye ufanye vile. Nunua kaye, daftari ya shule. Kila wazo mubaya, andika, piga refusé. Kila kitu kizuri, andika, weka chini jina yako.

— Muhuri nitatoa wapi?

— Kata kiazi.

Mwenze alikuwa mtu wa kutii. Jumatano jioni, akitoka kazini, aliileta kaye benchini, nayo ilikuwa ikinuka kiazi. Kurasa kumi na moja zilikuwa za refusé. Ukurasa wa mazuri Direkta aliusoma kwa sauti ya ofisini, siku zikiwa za Kifaransa:

— Lundi, treni haikuanguka. Mardi, treni haikuanguka. Mercredi, treni haijaanguka bado.

— Ni mazuri hayo, Mwenze akajitetea.

— Ni mabaya yaliyochelewa, Mama Germaine akasema.

Kweli ni kwamba fikra hizo ndizo zilizomlisha Mwenze miaka ishirini na miwili. Katika breki, asiyefikiri mabaya harudi nyumbani na vidole vyote. Wakubwa wa reli walimpenda kwa hilo. Shida ilikuwa kwamba akishuka kwenye treni, kichwa hakikushuka naye.

Mutale akasogea, akafunga ngumi yake ile moja.

— Karatasi haisaidie kitu. Kichwa ni musuli. Musuli inafundishwa na mbio. Wazo mubaya likikuya, kimbia mpaka likuache. Wazee banasema, haraka haraka haina baraka.

— Si basi hiyo inakataza? Mwenze akauliza.

— Inakataza haraka mbili. Weye utakimbia moja.

Alhamisi Mwenze alikimbia. Wazo la kwanza lilimjia mbele ya soko, akakimbia hadi bombani. Pale bombani likaja jingine, la kwamba ataanguka, akarudi mbio sokoni. Mara ya tatu wauza samaki wakaanza kuita mwizi, na watu wawili waliokuwa hawana kazi wakamfuata ili wasikose. Polisi akamsimamisha kwa fimbo.

— Unakimbia nini?

— Mawazo yangu, chef.

— Uliiba kwa nani?

Alifika benchini kiatu kimoja kimepasuka. Wenzake walimwonea huruma, lakini kila mmoja akazidi kuamini dawa yake. Direkta alisema kiazi kilikatwa vibaya. Mutale alisema mbio zilikuwa fupi. Dokta alikunywa kahawa yake, akangoja wachoke, kama daktari mkubwa anavyoingia wa mwisho.

— Munatibu mulango, na ugonjwa iko mu nyumba, akasema. Miye naoshaka chupa mia mbili kila siku. Chupa ikibaki na harufu ya dawa, naipigia kelele? Naikimbiza? Hapana. Naipindua, kila kitu inashuka yenyewe. Kichwa ni chupa, shingo yake iko pale pale unaiona. Miaka yote hii Mawingu amesimama wima. Mabaya yatatokea wapi?

Mutale akajipapasa kichwa. Hata Direkta alijishika shingo.

— Na wazee balisema, Dokta akamalizia, mutaka cha mvunguni sharti ainame.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, Mwenze alisimama kichwa chini miguu juu, visigino vikiegemea ukuta wa Mama Germaine, Dokta akimshika kifundo kimoja na Mutale kingine. Uso ulimwiva. Vifungo viwili vya shati vilikatika.

— Inashuka? Direkta akauliza.

— Naona damu tu.

Akaja mtu juu ya velo, yaani baiskeli, mwembamba, suruali imefungwa kamba miguuni, vumbi la njia ya Kipushi hadi kwenye nyusi. Akashuka, akasalimu kwa adabu.

— Jambo yenu, baba. Miye Kapya, ninapanga karibu na mama Régine kule Kipushi. Natafuta baba Mwenze.

— Ni huyu, Mutale akasema, akionyesha viatu.

Kapya akainama ili azungumze naye uso kwa uso.

— Baba, mama Albertine amenituma. Anauliza neno moja tu, nirudi na jibu. Leo umeona nini kizuri?

Wakamshusha. Mwenze akakaa kwenye ubao, nywele zimejaa udongo, akafikiri kwa bidii, macho ameyafumba.

— Sema kahawa, Mutale akamnong'oneza.

— Kahawa gani? Mama Germaine akasema. Munasemaka kila siku ni mayi ya kufulia.

— Sema misa, Dokta akasema.

— Nililala, Mwenze akajibu.

— Basi jua.

— Jua imenifubazia koti, Direkta akasema, halafu akajuta.

Kapya aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuwa mtu wa mzaha.

— Na ninyi watatu? Leo mumeona nini?

Mutale akaangalia ngumi yake. Dokta akainua kikombe, kilikuwa kitupu. Direkta akatafuta katika mifuko ya koti.

Mwenze akafumbua macho.

— Wakati ulimwacha, akauliza, Albertine alikuwa anafanya nini?

— Alikuwa anachambua maharage ku mulango. Anaimba.

— Anaimba namna gani?

Kapya akasita, maana alikuwa mgeni na huyu alikuwa mume.

— Mubaya sana, baba.

— Ndiye yeye, Mwenze akasema, na sauti ilimtoka laini hata Mama Germaine akageuka. Tangu tuoane anaimba wimbo ule ule mumoja, na hajauimba sawa hata siku moja. Kuko nafasi nyuma ya velo?

— Iko, lakini porte-bagage, ile chuma ya mizigo, inaumiza.

— Itaumiza tu. Twende pole pole. Kipushi iko mbali, na miye sijapata jibu bado. Weye shika njia, miye nitaangalia pembeni.

Akapanda, akamshika Kapya kiunoni. Velo ikayumba, ikanyooka, ikaishika barabara kuelekea nje ya mtaa. Benchi lilitazama mgongo wa Mwenze ukipungua. Karibu na kona, walimwona akimgonga Kapya begani na kunyoosha kidole juu, upande wa kushoto. Velo ikapunguza mwendo. Kapya naye akainua kichwa, akakitikisa kama anayekubali.

Direkta, Ngumi Moja na Dokta wakapanda juu ya ubao, wakanyoosha shingo. Kutoka pale, ukuta wa fundi cherehani uliziba. Velo ikapinda, ikapotea.

— Ameona nini kizuri? Mutale akauliza.

Dokta akasimama kwa ncha za vidole. Wakabaki wamesimama pale juu, kila mmoja akitazama upande ule, hata Mama Germaine alipowaambia kahawa imekwisha.