Farasi Niliyemnunua kwa Ada Yenu

Mheshimiwa mwenyekiti, kina mama, kina baba na ndugu zangu mliofika hapa Stratford leo, asanteni kwa kuniruhusu kusimama kabla hamjapiga kura. Hoja iliyo mezani naijua: je, chama chetu cha hapa London kiendelee kuwachangia vijana ada ya chuo, au kiache? Najua pia kwamba hoja hiyo imetokana na kosa langu, ingawa kwa adabu yenu hakuna aliyelitaja jina langu.

Nilikuwa nikisomea uzamili wa takwimu. Utafiti wangu ulihusu minada ya farasi wa mbio, wale wa mwaka mmoja ambao hawajawahi kushindana, lakini matajiri huwanunua kwa bei ya nyumba. Nilitaka kujua kama bei hizo zina faida. Nikakokotoa, nikarudia, jibu likawa lile lile: kwa walio wengi, hazina. Mnunuzi hulipia sifa za baba na mama wa farasi, kisha hulipia matumaini yake mwenyewe.

Sasa sikilizeni aibu ilipo. Nikiwa na jibu hilo mkononi, nilikwenda mnadani kutazama tu, nikamwona dume mmoja wa rangi ya kahawia. Alitembea kama anayejua kwamba anatazamwa. Waliomnunua kwa pamoja walikuwa wakiuza hisa za umiliki wake. Nami, ndugu zangu, nina ugonjwa wa kufikiri kupita kiasi: nikikosa sababu moja nzuri, natunga sita mbaya. Nilijishawishi kwamba huyu hahusiki na hesabu zangu. Nikatoa akiba yangu. Hapana, nijisahihishe: akiba sikuwa nayo. Nilitoa ada mliyonichangia.

Yule farasi hakufika kwenye mbio hata moja. Mazoezini kano ya mguu wake wa mbele ilichanika, na kilichobaki kikawa bili za daktari na za malisho. Chuo kikanisimamisha. Nanyi mliponiuliza kwenye misiba na harusi zetu, "Masomo yanaendeleaje, mwanetu?" nilijibu, "Vizuri, mama," nikaendelea kula pilau yenu.

Kilichonivunja ni siku mama mmoja aliponiita kwake Thornton Heath. Kumbe kina mama walikuwa wamekwenda Tooting kununua kitambaa, ili tushone sare ya sherehe ya mahafali yangu. Akanizungushia utepe wa kupimia kifuani.

"Simama wima, profesa. Mbona umekonda hivi? Shati litaning'inia kama limetundikwa msumarini."

"Mama, msishone."

"Rangi huipendi?"

"Hakuna mahafali, mama. Ada nilinunulia farasi."

Alicheka, akidhani ni utani. Kisha akanitazama usoni, akaketi.

"Farasi? Hapa London? Unampanda kwenda wapi, mwanangu?"

Nikamweleza yote. Akaukunja utepe wake.

"Kwa hiyo sisi tulinunua farasi," akasema, "na farasi wetu naye akaenda kununua farasi."

Mpaka leo siwezi kuicheka kauli ile. Ndivyo ilivyokuwa hasa. Nanyi mlilipia matumaini. Tofauti ni kwamba matumaini yenu yalikuwa mtu, na mtu huyo aliwadanganya.

Hakunifukuza. Alinipakulia chakula, kisha akanipeleka kwa mwenyekiti, nikayarudia haya haya huku nimeinamisha kichwa. Namshukuru mama huyo. Namshukuru baba mmoja wa humu chamani aliyenitafutia kazi ya ghalani, inayoniwezesha kuwarejeshea kidogo kidogo. Nawashukuru nyote mlioendelea kunipa mkono nilipostahili kupewa kisogo. Chuo kimekubali nirudi, safari hii kwa jasho langu.

Sasa kuna binti anayesubiri uamuzi wenu, na nawaambia kwa uangalifu wote nilio nao: msimpime kwa hasara yangu. Farasi akiumia hawezi kumweleza aliyemlipia. Mimi niliweza, nikanyamaza. Ada yake ilipeni chuoni moja kwa moja. Muulizeni hali yake mara kwa mara, na akijibu "vizuri", ketini naye, muulizeni tena, kwa upole, mpaka aone kwamba hata jibu baya mtalipokea.

Nawaomba kura ya ndiyo. Yangu sitaipiga, naona haya kuinua mkono mbele yenu.