Mama Tikisa na Chemni ya Mwisho

Miaka thelathini na minne ya kazi inafika kikomo leo, Ijumaa, tarehe thelathini na moja Julai. Mkuu wa chumba cha ufungashaji, ambaye hapa kiwandani kila mtu humwita Mama Tikisa, atavua aproni yake ya turubai na kuitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango. Jumatatu msumari huo utabeba aproni ya mtu mwingine. Tusijidanganye kwamba hilo ni jambo dogo.

Sisi tunatengeneza taa za mafuta. Taa bila chemni ni moshi mtupu, na chemni, hicho kioo kinachokinga mwali, ni chembamba na hakisamehe. Hata hivyo, kwa miaka yote sifa zimekwenda kwa wapuliza vioo na kwa watu wa mauzo wenye ndimi tamu. Mfungashaji hutajwa pale tu kitu kinapovunjika. Huo ni uonevu, na karatasi hii ninayowasomea haitauendeleza. Taa nzuri iliyofika vipande vipande si taa, ni takataka zilizosafiri.

Alipoingia hapa alikuwa msichana mwembamba na mkimya. Wageni hawaamini hilo la ukimya, lakini mashahidi wapo. Alikuta chemni zikizikwa ndani ya unga wa mbao ambao seremala wa jirani alitugawia bure. Zilitoka hapa nzima, zikafika zimepasuka, na lawama zote akatupiwa dereva wa lori. Dereva naye hakuwa bubu. Alisema yeye anaendesha lori, habebi mtoto mgongoni. Mama Tikisa hakubishana naye. Alipanda nyuma, akakaa juu ya mizigo na boksi moja wazi magotini, akala vumbi njia nzima. Ndipo alipoona kwa macho yake jinsi unga ulivyokuwa ukishuka kwa mtikisiko, na chemni ikiibuka taratibu kama mtoto anayejifunua blanketi, mpaka ikawa inagonga kifuniko.

Alirudi amebadilika rangi kwa vumbi, akatangaza kwamba tulikuwa tukiogopa kuanguka wakati adui mkubwa ni kutikisika. Tangu siku hiyo hakuna boksi lililotoka bila kupita sikioni mwake. Analitikisa, anasikiliza. Likitoa sauti yoyote, linafunguliwa na kufungwa upya. Jina lake lilizaliwa hapo.

Unga ukaachwa, yakaja maranda, yale mabaki marefu yanayojikunja chini ya randa, ambayo hushikana yenyewe na hayazami. Chumba chake kikanukia mbao mbichi, na hadi leo wengi wetu tukipita kwa seremala yeyote tunajihisi tumefika kazini.

Kisha ikaja plastiki yenye mapovu ya hewa, na kiwanda kizima kikashangilia kana kwamba matatizo yamekwisha. Chemni zikaanza kuvunjika tena. Mama Tikisa alikunjua robota zima mezani, akakuta nusu ya mapovu yamepasuka. Wezi wa hewa tulikuwa sisi wenyewe! Kila aliyepita chumbani mwake alisimama kidogo kuyaminya kwa vidole, na bingwa wetu alikuwa mhasibu, mtu mzima mwenye wajukuu. Mama Tikisa alimkatia kipande chake, akampelekea ofisini, akamwambia hicho ni cha kuchezea, cha kazi asikiguse. Mhasibu anacho mpaka leo, na hakina povu hata moja.

Naye alikosea pia. Kuna wakati alifunga boksi kwa ukali kiasi kwamba mteja mmoja alilifungua kwa nyundo, na chemni iliyostahimili safari nzima ikafia mikononi mwa mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila boksi letu lina uzi mwekundu wa kuvuta.

Kitu alichokidharau kabisa ni stika za kuonya kwamba ndani mna kioo. Stika haina mikono, alikuwa akisema. Alitaka kila mzigo ufungwe kana kwamba mchukuzi hajui kusoma, na ametoka kugombana na mkewe.

Lakini alama yake kubwa ni sheria ya kuangusha. Hakuna namna mpya ya kufungasha inayokubaliwa hapa mpaka aliyekitengeneza kitu akiangushe mwenyewe kikiwa ndani ya boksi, kutoka kimo cha meza hadi kwenye saruji, kisha mfungashaji afungue mbele yake. Wa kwanza kuamriwa alikuwa mpuliza vioo wetu hodari, mwanaume wa majivuno tuliyempa jina la Kifua. Alifoka kwamba kile kioo kimetoka kwenye mapafu yake, iweje binti aliyeajiriwa juzi amwambie akitupe? Binti akamjibu kwamba kama hana imani, akakifungie kabatini awe anakitazama. Kifua akaangusha. Kikavunjika. Wakanuniana. Akarudi na kingine, nacho kikavunjika. Cha tatu kilitoka kizima, ila kufikia hapo hakuna aliyeamini kwamba Kifua anafuata chemni. Walioana mwaka uliofuata, na watoto wao wamekulia uani kwetu, nywele zimejaa maranda.

Kifua aliacha tanuri pale madaktari walipomkataza joto. Chemni ya mwisho aliyoipuliza, yenye kipovu kidogo karibu na shingo, imekaa miaka yote kwenye kabati la ofisi kuu. Hiyo ndiyo zawadi ya Mama Tikisa leo. Uongozi, kwa nia njema, ulipendekeza akabidhiwe mkononi, chemni ikiwa na utepe shingoni. Alikataa katakata. Kioo, alisema, hakipiti lango hili kabla hakijaanguka, na hiki si mtoto wa sultani. Alikataa pia kukifungasha yeye. Wenzake wa chumbani wamechagua wenyewe cha kutumia, mlango umefungwa, naye hakuruhusiwa kuchungulia.

Wapo wanaonong'ona kwamba akishaondoka chumba kile kifungwe, tununue maboksi ya povu gumu yaliyokwisha kuchongwa kiwandani kwa watu. Tunawaomba wakae viti vya mbele.

Boksi mnaloliona juu ya meza ndilo hilo. Hotuba zikiisha, Kifua atalinyanyua na kuliachia. Hawezi kupuliza nyingine. Amekwisha kumwonya mama watoto kwamba ikivunjika, leo kila mtu atajipikia. Naye amemjibu, tulio karibu tukasikia, kwamba ikivunjika ina maana hajamaliza kufundisha, na Jumatatu atarudi kazini. Kwa hiyo wamo ukumbini humu watu wanaompenda sana ambao hawajui waombe nini.

Sisi tumeamua. Tunaomba ifike nzima. Asante, Mama Tikisa, kwa kila kitu kilichofika kizima mbali na macho yako, kwa watu ambao hawakujua wa kumshukuru. Tunakutakia siku nyingi za raha, ambazo ukiziweka sikioni na kuzitikisa, hazilii.

Sasa tunyamaze wote. Kifua, achia.