Gunia Lisilo na Lumbesa

Kwenye Noah ya kutoka Kabungu, dalali wa soko la jumla alimgeukia mama niliyekaa naye. "Mama, gunia lako la viazi umelishona usawa wa mdomo. Bila lumbesa hawalipokei."

"Hicho kilemba mnachotaka nijaze juu yake nakilima kwa jembe lile lile," alijibu mama. "Leo tunapima."

"Mizani imefungiwa ofisini," alisema dalali, kwa utulivu wa mtu mwenye ufunguo.

Mama akafunua kitenge mapajani. Njia nzima nilidhani amepakata mtoto, kumbe ni mizani ya kuning'iniza. "Hii haijafungiwa."

"Soko lina utaratibu wake, mama."

"Basi na huo utaratibu tutauning'iniza hapa."

Gari likasimama getini. "Haya baba," mama alimwambia dalali, "shika upande huo, tulishushe gunia."