Mama Simple Aliyevalisha Mji, Akabaki na Kikwembe Chake

Bwana Katekista, wazee wa Kashuga, majirani wa upande wa juu na wa upande wa chini ya barabara, ninyi muliotoka Goma na kupita Mubambiro na Sake na mizigo kichwani, mukae, wasiopata benchi wakae juu ya majani, hii ni historia ya ine ya marehemu tunayoisoma katika kiwanja hiki tangu mwaka uanze, sisi tumechoka kuandika na ninyi mumechoka kusikiliza, lakini huyu tunayemuzika leo hakupenda mutu amuongezee hata kitu kimoja, kwa hiyo tutasema yaliyokuwa, na yasiyokuwa tutayaacha.

Marehemu Muhawenimana Emérita alizaliwa hapa Kashuga tarehe 14 Mei 1968, mutoto wa ine kati ya watoto tisa wa Papa Nshimiyimana Noël, mulimaji wa maharagi na viazi, na Mama Uwitonze Consolée, wote wawili wamelala pale chini ya mikalitusi, na kati ya wale tisa aliyebaki leo ni mumoja tu, mudogo wake Polycarpe, anayewasomea karatasi hii.

Alianza masomo ya primaire hapa hapa mwezi wa Septemba 1975, akapata certificat mwaka 1981, kisha akaenda kwa masista kujifunza kushona kuanzia 1982 mupaka 1984, mwaka wa tatu hakuufikia kwa sababu Papa aliugua kifua na shamba likakosa mikono, na mutu asituambie tuandike kwamba alikuwa na diplome kama tunavyosikia katika vilio vya mazishi mengine, diplome hakuwa nayo, alikuwa na mukono, na tangu 1984 mupaka 1989 watoto wote wa shule wa hapa walivaa mashati meupe yaliyotoka katika mashine yake.

Katika soko hili la Kashuga njo alikutana na Akilimali Michel, mwana wa Kibua, Walikale, aliyekuwa akitembea siku nyingi katika pori na bidoni za mafuta ya mawese mugongoni ili arudi na maharagi, na jamaa zote mbili zilipokaa kwa maneno ya mbuzi za mahari, shangazi yetu akasema mbele ya watu, "Kule kwenu hata kiazi hakuna, mutoto wetu atakula nini?", na babamudogo wa Michel akamujibu, "Na huku kwenu hata nyama hakuna, tunashangaa mutoto alikomaa namna gani", wakacheka wote, mbuzi zikapita. Ndoa ilibarikiwa katika kanisa ndogo ya Kibua siku ya Posho, Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1989, bibi arusi amevaa robe nyeupe ya kuazima ya muke wa katekista wa kule, mama murefu sana, ikakunjwa chini na kufungwa na mapini kumi na mbili, hata siku ile yote Emérita hakukaa, alisimama tu kama mulingoti, na Jumatatu, siku ya kwanza ya juma, akaifua kwenye muto, akaipasi, akairudisha, na kila alipoulizwa juu ya robe ile alisema, "Ilinipenda siku moja, ikarudi kwao."

Mungu aliwapa watoto watatu, Nicole aliyezaliwa Kibua tarehe 2 Juni 1990, Thierry aliyezaliwa Kibua tarehe 11 Novemba 1992, na Samy aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1995 na kufa mwezi wa kumi na moja 1996 katika kukimbia vita, kaburi lake liko katika pori na hatuwezi kuwaonyesha. Mwaka 1997 walifika Goma, wakajenga nyumba ya mbao katika kartie Ndosho, Michel akawa mubeba mbao, Emérita akaweka mashine mulangoni, na Michel alitutoka tarehe 12 Machi 2008, lori ilipoanguka katika njia ya Sake.

Sasa ile kazi yake, wengi munaijua, lakini ni vizuri isemwe wazi, kwa sababu kuna wanaoipitisha chini ya meza. Mwaka 2004 binti mumoja alikuja kwake akilia, arusi iko Posho, robe haina, jamaa ya bwana imetoka mbali na inataka kuona kitu, Emérita akashona usiku na mchana, akamuvalisha, na siku ya pili akamwambia airudishe, kwa sababu alikumbuka ile ya muke wa katekista, na hivyo njo nyumba ya location, ya kukodisha nguo, ilianza, robe moja, kisha tatu, kisha makoti ya wanaume, kravati, viatu vya kung'aa, saa za mukono, hata mukufu ambao ukiuweka katika maji unabadilika rangi. Mji ule ulimushangaza mupaka mwisho, maana mutu wa Masisi mwenye ngombe mia alishuka Goma na bote zenye matope na kofia iliyopasuka, anaketi, anakunywa maziwa yake, anaenda, na yule asiye na hata kuku alishuka kutoka moto, pikipiki ya kulipia, na koti la rangi tatu, anaita watu kwa kidole, na koti lile lilipaswa kurudi kwa Emérita kabla ya jua kuzama. Alivalisha waliokwenda kuomba muchumba, waliokwenda kupiga picha Jumapili kando ya ziwa, hata askari mumoja wa kambi ya Mubambiro aliyetaka mama yake amuone mara moja bila uniforme, akarudisha koti limekunjwa vizuri na kikapu cha maharagi juu yake, na majina yao hakuyasema kwa mutu yeyote, hata kwa Nicole, lakini hakumudanganya mutu pia, na bwana mumoja alipomuomba, pamoja na koti, amusemee kwa wakwe kwamba yeye ni tajiri, Emérita akamujibu, "Nguo ninakupatia, papa, lakini uongo ujiletee."

Yeye mwenyewe hakuvaa hata kimoja cha vitu vile, alikuwa na kikwembe chake cha buluu chenye majani ya muhogo, kitambaa cha kichwa na kambambili, na wateja wakaanza kusema, "Huyu naye iko simple mupaka inauma macho", kwanza kwa kumucheka, kisha jina likakaa, Mama Simple, hata fundi aliyeandika kibao cha mulango alijua hilo tu.

Tunafika pahali ambapo wengine walituomba turuke, na hatutaruka. Siku ya Posho tarehe 23 Julai 2016, Thierry alioa Joséphine-Marie katika sale moja ya sherehe ya Goma, na alikuwa amewaambia wakwe kwamba mama yake anauza nguo zinazoshuka na ndege, akamuomba Mama avae robe ya dhahabu iliyokuwa pale pale katika kabati yake, naye akasema, "Mwanangu, mimi siwezi kujikodishia, nitakuja na nguo yangu." Akaja na kikwembe chake, kimepasiwa, na kwenye mulango bwana mumoja wa protokole akanyosha mukono, "Mama, wa kupika wanapitia nyuma", na Emérita akaangalia koti la bwana yule, akaona kifungo cha pili kimeshikwa na uzi wa buluu, uzi alioutia yeye mwenyewe siku ya Ine, siku mbili mbele ya arusi, akamwambia tu, "Aksanti, papa, uangalie kile kifungo", akazunguka nyuma, akakaa na wamama, akamenya ndizi mupaka zikaisha. Walipokosa mikono ya kupeleka sahani akabeba sahani, akapita mbele ya meza ya maarusi, na Thierry akamuona, akaangalia chini, akamuacha apite. Ni hayo tu, hakuna aliyepiga kelele, lakini tangu siku ile Thierry hakuingia tena katika nyumba ya mama yake, alikwenda Walikale kununua mawe ya kasiterite, tukawa tunaona picha zake katika telefone, miwani, koti, chupa nyingi juu ya meza, anamupigia dada yake na kuzima kabla Mama hajafika karibu.

Miaka tisa. Kila jioni Emérita alifunga mulango wa kazi na kuuliza neno lile lile, "Thierry amepiga?", na Nicole alijibu amepiga ao hakupiga, na mudogo wake Polycarpe alipokasirika na kusema mutoto wa namna ile afutwe katika jamaa, Emérita alimukatalia, akamwambia, "Wee, uache hasira yako, ile ni haya tu, haya inapitaka, mimi ninangojea ipite."

Mwisho wa Januari 2025, risasi zilipoingia mjini, watu walivunja mulango wa location, wakabeba vyote, na Emérita aliona kwa macho yake wanaume wamevaa robe za arusi juu ya suruali, wanakimbia na fuko za unga, akacheka mupaka akashika ukuta, akasema, "Leo mji wote umependeza, na hakuna wa kurudisha", kisha akakaa chini. Tarehe 9 Machi alirudi hapa Kashuga na Nicole, na kichwa cha mashine katika karai, wakaweka nyumba katika shamba la Papa, na ugonjwa wa tension, presha ya damu, aliokuwa nao tangu zamani ukapanda, miguu ikavimba, akalazwa katika kituo cha afya tarehe 21 Septemba. Tarehe 2 Oktoba alimuita Nicole, akamwambia, "Munivalishe kikwembe changu, musiniazimie kitu, na ku kilio yangu kila mutu akuje na nguo yake mwenyewe, hata kama imepasuka", kisha akauliza kama Thierry amepiga, na kwa mara ya kwanza Nicole alimupa telefone mukononi, Thierry yuko kwenye laini, tunajua kwamba mama alisema, "Njia ni mubaya, ukuje polepole", lile lingine ni lao wawili. Aliaga dunia siku ya kwanza ya juma, tarehe 6 Oktoba 2025, saa kumi na moja ya asubuhi, akiwa na miaka makumi tano na saba.

Kulikuwa na jamaa wa Goma waliotuma maneno kwamba tununue vitambaa vya uniforme, na sanduku lenye kioo, na watu wa kupiga picha, tuliwajibu kwa sauti ya juu kidogo, watusamehe kwa sauti, kwa jibu hatuombi samahani.

Jana, tarehe 7, saa tisa ya muchana, mwanaume mumoja alifika kwenye mulango huu, amefunikwa na matope mupaka kwenye ndevu, bote moja imepasuka, anatoka Kibua, moto ilimuacha katika pori siku ya pili ya safari na siku tatu zilizobaki alitembea, na Papa Dusabimana tuliyemuweka pale kupokea watu akamwambia, "Kaka, wa kuchimba wanapitia nyuma." Mwanaume yule hakujitaja, alizunguka nyuma, akapokea jembe, akashuka ndani ya shimo, akachimba, na wachimbaji wenzake wakamutania, "Huyu mugeni anachimba kama anatafuta kasiterite", naye akaendelea kuchimba, mupaka Nicole alipowapelekea maji, akaona mikono ile juu ya mpini, akasema, "Thierry?", na yeye akasema, "Uniache nimalize, dada." Papa Dusabimana alipojua ni nani alikwenda kumuomba musamaha, na Thierry akamujibu, "Hapana, papa, ulinionyesha njia muzuri, Mama pia aliipitia." Munamuona pale, hajabadilisha nguo, hana zingine, na tulipomuletea koti la mudogo wa mama yake alikataa.

Kwa jina la jamaa tunatoa aksanti kwa muganga na wafirmye, wauguzi wa kituo cha afya waliokuja hata siku ambazo dawa zilikosekana na wakatuambia wazi kwamba zimekosekana, kwa majirani waliotoa kuni, ndizi na mikeka, kwa mafundi wenzake wa Ndosho waliotembea siku mbili, kwa Bwana Katekista, kwa vijana waliochimba, wote watano na wa sita wao, na kwa kila mutu aliyekuja leo na shati lake lililoshonwa mara tatu ao kikwembe kilichopoteza rangi, tumewaona, na wewe mwenye kuwa na robe ao koti lake nyumbani tangu siku ile ya risasi, utunze, yeye hakutafuta mutu.

Emérita, dada, Mama Simple, umevalisha wengi na wote walirudisha, sasa pumzika kwa amani, ulichovaa ni chako, na hakuna mutu atakayekuja kesho kukidai.