Mbaluka Ameshushwa Cheo

Kahawa tunaichuma sisi, lakini kwa benchi ya Spoku hapa Ruiru tunakunywa chai. Spoku ni Macharia, fundi wa baiskeli. Jumapili hiyo alikuwako pia Gathogo, tunayemwita Kotini kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi kortini mara moja na hajanyamaza tangu hapo. Katikati yetu aliketi Mbaluka bila lile koti lake la kaki. Jana yake mzungu wa shamba alikuwa amemvua unyapara mbele ya watu wote, eti anawapa kina mama wenye watoto mistari ya miti mifupi. Mimi iliniuma sana, nasema wazi.

— Hujafutwa, Kotini akaanza. Umeshushwa cheo. Hayo si neno moja.

— Tofauti ni gani? Mbaluka akauliza.

— Ukifutwa unaenda zako. Ukishushwa unabaki hapo hapo, watu wanakuangalia.

— Zii! Spoku akadakia. Kushushwa hakuna mwisho. Leo mchumaji, kesho unafukuza ndege, kesho kutwa unaogesha mbwa wa mzungu.

— Na bibi yako anashuka pia, Kotini akaongeza. Kwa mfereji atateka maji wa mwisho.

— Hata kanisa! Utatolewa benchi ya mbele.

— Jogoo yako nayo...

— Wacheni upuzi! nikafoka. Mtu anaumia hapa.

Mbaluka akaweka kikombe chini.

— Kesho narudi nyumbani Ngoliba. Nichume aje na watu niliokuwa nawapigia filimbi? Watanicheka mpaka jioni.

Hapo akafika Ndunge, mmoja wa wale kina mama, mtoto mgongoni.

— Habari zenu. Mbaluka, nimetumwa kwako.

— Mama, hujasikia? Kotini akamkatiza. Huyu ameshushwa cheo!

— Nilikuwako, nikaona. Mbaluka, ile miti mifupi tumenyang'anywa. Kesho tunapelekwa kwa ile mirefu, na watoto migongoni. Tumekuwekea mstari katikati yetu. Wewe ni mrefu, utatuinamishia matawi.

Kisha akamgeukia Kotini.

— Na hiyo kazi, wewe unayejua maneno, ni cheo gani?

Kotini akainamia kikombe chake. Spoku akaanza kukaza nati iliyokuwa imekazwa tayari.

Mbaluka akacheka, mara ya kwanza tangu jana.

— Waambie nakuja, mama. Na mtoto wako nitambeba mimi, wewe uchume.