Mwalimu Modesta Chitanda na Kichaka cha Kilambo, 1957–2025

Marehemu Mwalimu Modesta Chitanda alizaliwa tarehe 6 Mei 1957 kijijini Kilambo, Mtwara, mtoto wa kwanza kati ya sita. Mkunga aliyempokea alisema mtoto huyu kaja macho wazi, na waliomfahamu hawatabisha.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini kuanzia 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari Mtwara mjini, na mwaka 1977 akahitimu ualimu. Alifundisha miaka arobaini, hasa sayansi, mpaka alipostaafu mwaka 2017. Nusu ya waliochimba kaburi leo aliwahi kuwapigisha magoti darasani, na wenyewe wanakiri walistahili.

Tarehe 12 Septemba 1981 alifunga ndoa na Kasmiri Mchopa, mkulima wa korosho. Pembeni ya mikorosho yao palikuwa na kichaka, na kila mwaka Kasmiri alinoa panga akifyeke apande mihogo. Kila mwaka mkewe alimzuia. Mvua za kwanza zikinyesha, alikuja humo ndege mwenye mgongo wa kijani na tumbo jekundu, akajenga juu ya mti wa miiba kiota cha vijiti chenye paa na mlango wa pembeni. Nyumbani kwao walimwita ndege wa mvua.

Mwaka 2003 Mwalimu alikosea. Alitaka darasa la tano wakione kiota, akafyeka njia hadi chini ya mti. Siku ya tatu nguchiro aliifuata njia hiyo hiyo, yakabaki maganda ya mayai. Mwalimu alilia mbele ya wanafunzi. "Kosa ni langu, si la mnyama," aliwaambia. Mwaka mzima aliishi akiamini amewafukuza ndege wale, lakini mvua zilizofuata walirudi, wakajenga kwenye mti ule ule. Je, ni wale wale? Swali hilo halikumpa usingizi.

Jibu lilikuja baada ya Januari 2019, mtafiti mmoja aitwaye Twahiru alipomvisha ndege mmoja pete ya njano mguuni. Alimweleza Mwalimu kwamba mvua zikiisha ndege hawa husafiri usiku hadi misitu ya mbali, upande wa Kongo. Desemba mwaka huo Mwalimu alitoka shambani bila kuni alizozifuata, akaketi barazani.

"Baba Joyce, karudi," alimwambia mumewe. "Pete nimeiona. Kavuka nchi za watu, hana ramani, kaja kwenye tawi lake."

Kasmiri alijibu kwamba yeye hupotea hata akienda Newala. Lakini panga hakulinoa mwaka ule. Pete ilionekana misimu sita mfululizo, na kila mara Mwalimu alisimulia kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Agosti 2025 figo zilianza kumsumbua, na tarehe 20 Novemba akalazwa Mtwara mjini. Habari za dawa hakuziuliza sana. Aliuliza kama mvua imenyesha Kilambo, na kama mwenye pete amerudi. Mdogo wake Sabina, anayesoma wasifu huu, alimshauri shemeji yake aseme amerudi, mgonjwa apate raha. Kasmiri alikataa. Tarehe 11 Desemba alikaa kichakani tangu alfajiri, kisha akapanda bodaboda na tope lake miguuni hadi wodini.

"Mwalimu, mwenye pete hakuja," alisema. "Wamekuja wengine wawili, hawana pete. Wanapeleka vijiti kwenye mti ule ule."

Mwalimu alitazama tope miguuni kwa mumewe. "Umewaona kwa macho yako?"

"Nimewaona. Mimi sijawahi kuona kitu kama kile."

"Miaka arobaini na minne nakuambia," alisema Mwalimu, akacheka mpaka nesi akaja kutazama kuna nini.

Alifariki Jumamosi, tarehe 13 Desemba 2025, saa moja asubuhi, mumewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa na wadogo zake watano. Mungu ampokee Mwalimu wetu na kumpa pumziko la amani. Mzee Kasmiri anawaomba waombolezaji, mkitoka makaburini, mpite barabarani, msikatishe kwenye kichaka. Kiota bado hakijaisha.