Baba Okito na Ubao wa Maji ya Kasenda

Citoyen Commissaire wa Zone. Viongozi wa Chama. Shehe Masudi na Pasteri wetu. Citoyens na Citoyennes, wananchi wenzangu mliopanda lori toka Kindu mkafika hapa Kasenda na vumbi mpaka kwenye kope: jambo!

Mimi Mwavita, mkunga wa maternite, nyumba ya kuzalia ya mtaa wa Mikelenge kule Kindu. Nimeombwa nimuage Baba Okito, anayestaafu baada ya miaka kumi na mmoja ya kulinda mradi wa umeme ambao haujawasha hata taa moja. Msicheke. Au chekeni, mwenyewe anacheka.

Ruhusa ya kujenga bwawa la umeme hapa mtoni ilitolewa mwaka sabini na tano. Muda uliisha, ukaongezwa; ukaisha tena, ukaongezwa tena. Mashini zilikwama bandarini, wajenzi wakarudi kwao. Lakini masharti yanasema nini? Muda hauongezwi kama kazi imesimama hata siku moja. Na kazi gani ilibaki? Kila asubuhi Baba Okito alishuka mtoni, akasoma ubao wa kupimia, akaandika maji yamefika wapi. Basi, hiyo ndiyo iliyohesabiwa kazi.

Nasi tuliota pamoja naye. Kila nyumba ya Mikelenge ilitundika ampuli ya taa darini, bila waya. Kila muda ulipoongezwa tulizishusha, tukazifuta vumbi, tukazirudisha, na siku hiyo mtaa mzima ulitembea taratibu kama watu wanaosikia maporomoko kwa mbali. Yangu iko juu ya kitanda cha kuzalia. Wamama wenye uchungu huikazia macho, na mimi nimeng'ata tochi kwa meno. Nimechoka nayo, wandugu. Nataka kuziona vizuri nyuso za watoto ninaowapokea.

Siku moja nilimuuliza, "Baba Okito, huchoki?" Akanijibu, "Mama Mwavita, maji haiko na haraka. Siye njo tuko na haraka."

Citoyen Commissaire, muda unaisha leo, na barua ya kuuongeza iko mkobani mwako, inangoja sahihi yako. Uliposhuka garini uliuliza, kwa haki: mzee ameacha kazi jana, nani amesoma maji leo? Mimi. Nimelala hapa Kasenda tangu jana; alfajiri nilimkuta ananyoa ndevu kwa ajili yenu, nikashuka mwenyewe, nikalowa mpaka magotini. Mita moja na sentimita arobaini. Daftari hili hapa, halina siku iliyorukwa.

Baba Okito, pumzika. Kesho nitashuka, na mtu mwingine atanifuata, ajifunze.

Asanteni kwa kunitegea masikio. Nanyamaza sasa, tumsikie Citoyen Commissaire akifungua kalamu.